Mgeni wa Saa Mbili Mlangoni mwa Watumwa



Wakati wa miezi ya baridi huko Ulaya, meli za watalii huteremka kusini zikifuata pwani ya Afrika Magharibi. Hutia nanga Dakar, kisha Banjul, kisha Freetown. Nyingine huendelea hadi Abidjan, Takoradi, Lomé na Cotonou. Abiria hulala katika vyumba vyenye viyoyozi. Meli ikifika bandarini hushuka asubuhi, hupanda mabasi, huonyeshwa ya kuonyeshwa, na jioni hurudi melini kula. Na karibu kila inapotia nanga, mahali wanapopelekwa ni pa aina moja: pale walipopakiwa watumwa.

Juma hili nataka tujiulize. Katika saa hizo mbili au tatu za matembezi, mgeni huyu anaambiwa nini? Na je, anayoambiwa ndiyo yaliyotokea?

Swali hili si la watalii peke yao. Biashara ya utumwa ya bahari ya Atlantiki ina hesabu zake. Watafiti wamekusanya kumbukumbu za safari zaidi ya 36,000 za meli za watumwa, na kutokana nazo wamekadiria kwamba kati ya mwaka 1501 na 1866 watu wapatao milioni 12.5 walipakiwa melini katika pwani za Afrika. Walioshuka wakiwa hai ng'ambo ya pili ni kiasi cha milioni 10.7. Maana yake ni kwamba watu milioni 1.8 hivi walikufa njiani na kutupwa baharini. Hesabu hiyo inatisha vya kutosha. Haihitaji kuongezewa chumvi, wala haivumilii kupunguzwa.

Basi tuanzie Dakar. Mbele ya mji huo kuna kisiwa kidogo cha Gorée, na katika kisiwa hicho kuna Nyumba ya Watumwa, iliyojengwa katika karne ya 18. Ghorofa ya chini ina vyumba vyembamba vyenye giza, na mwisho wa ukumbi upo mlango unaofunguka baharini. Kwa miaka mingi mtunzaji wa nyumba hiyo, marehemu Joseph Ndiaye, alikuwa akiwaeleza wageni kwamba mamilioni ya watumwa walipita katika mlango huo. Alikuwa msemaji hodari, na wengi walitoka pale wakilia. Mandela alifika mwaka 1991, Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1992, Clinton mwaka 1998 na Obama mwaka 2013.

Lakini mwaka 1996 gazeti la Le Monde la Ufaransa liliandika kwamba habari ile haikubaliani na kumbukumbu. Hasira ilizuka Senegal, na mwaka uliofuata wataalamu wakakutana kulijadili jambo hilo. Makadirio ya watafiti ni kwamba waliosafirishwa kutoka Gorée katika miaka yote hiyo ni makumi ya maelfu, si mamilioni. Bandari kubwa zaidi za biashara hiyo zilikuwa kwingineko, kama vile Ouidah na Luanda.

Je, hiyo ni sababu ya kuifunga nyumba ya Gorée? Hapana. Watu wanahitaji mahali pa kusimama na kuwakumbuka wafu wao, na msiba wa watu elfu thelathini si msiba mdogo. Hatari iko kwingine. Ukimwambia mgeni idadi isiyo ya kweli, siku atakapogundua kosa atatilia shaka hata lile lililo kweli. Na wapo wanaoingoja siku hiyo kwa hamu, ili wapate kusema kwamba habari yote ya utumwa imetiwa chumvi.

Tuendelee hadi Ghana. Meli hutia nanga Takoradi, katika bandari iliyojengwa na kufunguliwa mwaka 1928. Kutoka hapo mabasi huwachukua wageni kwenda Elmina na Cape Coast. Ngome ya Elmina ilijengwa na Wareno mwaka 1482, miaka 10 kabla ya Columbus kuvuka Atlantiki. Hawakuijenga kwa ajili ya watumwa. Waliijenga kwa ajili ya dhahabu, ndiyo maana nchi ile ikaitwa Pwani ya Dhahabu. Tena, katika miaka ya mwanzo Wareno walikuwa wakinunua watu upande wa Benin, huko Nigeria ya leo, na kuwaleta Elmina kuwauzia wafanyabiashara wa Kiafrika, ili walipwe dhahabu. Waholanzi waliiteka ngome hiyo mwaka 1637, na mashamba ya miwa ya Amerika yalipozidi kudai watu, ghala zilizowekwa bidhaa zikajazwa binadamu.

Huko Cape Coast, ngome ya Waingereza ina jambo ambalo mgeni hulisahau kwa nadra. Juu ya magereza ya chini walimofungiwa wanaume palikuwa na kanisa. Na kuanzia mwaka 1766 hadi alipofariki mwaka 1816, mchungaji wa ngome hiyo alikuwa Mwafrika, Philip Quaque, mzaliwa wa Cape Coast aliyepelekwa Uingereza akiwa mtoto na kupewa upadri wa Kianglikana huko. Kwa miaka 50 aliishi na kuhudumu ndani ya ngome ile ile. Mtu huyu utamweka upande gani? Si rahisi kusema. Lakini kumwacha nje ya habari kwa sababu hana upande ulio wazi ni kumnyima mgeni elimu aliyoifuata.

Hapo ndipo tunapofikia jambo gumu. Pwani ile ina mawimbi makali na bandari chache za asili. Meli za watumwa zilikuwa zikitia nanga mbali, pengine kwa miezi kadhaa, mpaka shehena itimie. Mateka walivushwa kwa mitumbwi, na waliopiga makasia walikuwa wenyeji wa pwani, waliofanya kazi hiyo kwa malipo.

Huko Ouidah, katika nchi ya Benin, ambako watalii hupelekwa kutoka bandari ya Cotonou, jambo hilo ni wazi zaidi. Dola ya Dahomey iliuteka mji huo mwaka 1727, na wafalme wake wakaifanya biashara ya mateka kuwa nguzo ya utawala wao. Watu wapatao milioni moja walitokea hapo. Leo wageni huifuata njia ya kilometa chache kutoka mjini hadi ufukoni, ambako tangu mwaka 1995 limesimama lango kubwa la ukumbusho. Na mwaka 1999 Rais Mathieu Kérékou wa Benin alikwenda Marekani akaomba radhi kwa sehemu ya Waafrika katika biashara hiyo.

Sasa, ndugu msikilizaji, mgeni huweza kuambiwa uongo wa aina mbili. Wa kwanza ni kwamba wazungu waliingia bara na kuwakamata watu kama kuku. Wa pili ni kwamba Waafrika waliwauza ndugu zao, na mzungu alikuwa mnunuzi tu, hana lawama. Uongo wote wawili una chembe ya kweli, na ndiyo maana unaaminika.

Kweli yenyewe ni hii. Meli, mtaji na mashamba yalikuwa ya wazungu, nao ndio walioleta bunduki na baruti, pamoja na nguo na pombe. Bila soko hilo, vita vya kutafuta mateka visingefikia ukubwa ule. Lakini wafalme na matajiri wa pwani na bara walishiriki, wakafaidika. Hawakujiona kuwa wanauza ndugu. Mtu wa Dahomey hakumhesabu jirani wa kaskazini yake kuwa ndugu, kama vile Mwingereza wa wakati huo hakumhesabu Mfaransa kuwa ndugu. Jina la Mwafrika, kwa maana ya watu wamoja, lilikuja baadaye, na utumwa wenyewe ni mmoja wa waliolizaa.

Kuna jambo jingine ambalo meli ya watalii haiwezi kulionyesha kwa sababu haifiki huko. Ngome na milango ni mwisho wa safari. Kabla ya hapo mateka walikuwa wametembea kwa miguu wiki nyingi, kutoka masoko ya kaskazini kama Salaga. Huko Assin Manso, bara ya Cape Coast, upo mto ambamo waliogeshwa kwa mara ya mwisho kabla ya kupelekwa pwani. Mwaka 1998 mabaki ya watumwa wawili wa zamani, mmoja kutoka Marekani na mwingine kutoka Jamaika, yalirudishwa na kuzikwa hapo. Walirudishwa kupitia Cape Coast, katika mlango ule ule ambao wenzao walitokea bila kurudi.

Sisi wa upande huu wa bara hatuko mbali na jambo hili. Meli za watalii hufika Unguja pia, na wageni hupelekwa Mkunazini, mahali pa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Bagamoyo nayo ilikuwa mwisho wa njia iliyoanzia Ujiji na Tabora. Kwa hiyo swali la Gorée ni swali letu vilevile: kijana wetu anayewaongoza wageni amefundishwa nini, na nani amemfundisha?

Sisemi wageni wasije. Waje, na fedha yao iwafae wenyeji. Ninachosema ni kwamba saa mbili zinatosha kusema kweli, ikiwa msemaji anaijua. Amweleze mgeni idadi iliyo sahihi. Amtajie aliyenunua na aliyeuza, na aliyepiga kasia katikati yao. Amwonyeshe pia upande wa bara, amwambie kwamba njia ilianzia huko. Waliopita katika milango hiyo walinyimwa majina yao, wakaandikwa kwa idadi tu kama mizigo. Tukiwasimulia kwa namna ya kumpendeza mgeni tutakuwa tumewauza mara ya pili, na safari hii hatutakuwa na wa kumsingizia.

Hadi juma lijalo, kwaherini.