Mla Nawe Katika Mgunda Mkali

Wahenga wa pwani wametuachia neno zito: mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Neno hili limerithiwa barazani kizazi baada ya kizazi, na ni wachache waliothubutu kulisaili. Hata hivyo, iko nchi mbali na mawimbi ambako lilitiwa mizanini likapungua uzito. Nayo ni Mgunda Mkali, pori kavu lililotenganisha Ugogo na Unyamwezi, ambalo leo sehemu yake kubwa imo mkoani Singida, upande wa Manyoni na Itigi.

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora haikuwa na budi kulikata pori hilo. Burton na Speke walilipita mwaka 1857, Stanley mwaka 1871. Maji yalikuwa haba na vijiji mbalimbali, na mpagazi alikuwa na mzigo wa karibu frasila 2 begani. Nafuu ilikuwa Jiwe la Mkoa, penye mwamba mkubwa, ambako Wakimbu walikuwa wamefyeka msitu, wakajenga na kulima. Hapo ndipo wasafiri waliponunua nafaka.

Msafara wa mamia ya watu haukula chungu kimoja. Wapagazi walijigawa katika vikundi vidogo, kila kikundi na moto wake na chungu chake. Mwana wa pwani aliyelelewa kwa wali wa nazi alijifunza huko kumega ugali wa mtama na wa uwele. Dini yake hakuiacha njiani: nyama isiyochinjwa kwa jina la Mungu ilikuwa haramu kwake, hata awe na njaa ya siku mbili. Lakini ugali haukumbagua mtu, na mkono wa Mwislamu na wa asiyekuwa Mwislamu ilikutana katika sahani moja.

Katika maisha hayo ya njiani ulistawi utani, kama ule wa Wanyamwezi na Wazaramo. Wengi siku hizi wanaudhani kuwa ni mzaha tu. Mtani alikuwa na haki ya kuchukua chakula cha mwenzake bila ya kuomba. Lakini haki hiyo ilikuwa na deni lake. Kifo kilipofika, mtani ndiye aliyetazamiwa kushika shughuli za maziko. Aliyekula nawe, basi, ndiye aliyekufukia.

Mambo haya si ya bara letu peke yake. Mwishoni mwa karne hiyo hiyo, Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki walimiminika New York. Walifungua maduka ya chakula cha kwao, nyama ya ng'ombe iliyolowekwa chumvi na viungo, pamoja na matango ya achari, na rafiki kwa rafiki wakaketi humo kula adhuhuri. Nao pia walikuwa na sheria yao ya kuchinja. Waliotoka mji mmoja waliunda vyama vya kusaidiana, na miongoni mwa kazi za vyama hivyo ilikuwa kununua ardhi ya makaburi. Mgeni huanza kutafuta wa kula naye, kisha hutafuta wa kumzika.

Isidhaniwe kuwa kila mpagazi alizikwa. Wako waliougua wakaachwa njiani, kwa kuwa msafara wenye kiu haungojei mtu. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, njia ya miguu ikaanza kufa na vyungu vile vikazimika. Leo abiria hupita Manyoni na Itigi kwa siku moja, na kuku wa Singida amepata jina hadi Dar es Salaam.

Pwani imehifadhi majina ya matajiri wa pembe na ya majumba yao. Wakimbu waliouza nafaka, na watani waliochimba makaburi, hawakuandikiwa. Methali yetu haikuwahesabu, nao walikuwa wamekwisha kuijibu.