Tarehe ya Mkate wa Mofa wa Amu

Hii ni habari ya mkate wa mofa, mkate wa mtama ulioliwa Amu, yaani Lamu, kabla ya mkate wa dukani, na kabla chapati na mahamri havijashika meza ya asubuhi. Nimeiandika kwa sababu yamezuka maneno. Vijana wa Mombasa wanasema mofa uliletwa na jamaa zetu wa Barawa walipokimbia vita vya Somalia mwaka 1991. Waunguja nao wanasema ni wao. Maneno haya yakiachwa miaka michache yatakuwa ndiyo tarehe, na wazee wa kuyakanusha wanapungua.

Kwanza nafaka. Mchele ulikuja na vyombo kutoka Asia. Ngano ni ya Shamu na majirani zake. Mahindi na muhogo ni vya Amerika, vimetufikia baada ya Wareno, na Vasco da Gama alitia nanga Malindi mwaka 1498. Mtama haukuletwa na mtu wa ng'ambo. Asili yake ni bara hili hili, upande wa mashariki ya Sudan, na mawele ni ndugu yake kutoka Sahel. Waliochimba magofu ya Tumbe na Chwaka huko Pemba wamekuta katika tabaka za chini mawele yamejaa, na mchele unazidi kadiri wanavyopanda kuelekea juu, tangu kama karne ya 11. Wali basi ulikuja baadaye, ukapewa kiti cha mbele kwa kuwa ni chakula cha fahari, nao mtama na mawele vilikuwa vimeshawalea wenyeji.

Tanuri la udongo la kuokea mkate huu lina ndugu Tihama ya Yemen, na Mogadishu na Barawa pia. Sikatai udugu huo. Bahari yetu ni moja na kaskazi imeleta watu na vyombo vyao kila mwaka. Ninachokataa ni huo mwaka 1991. Edward Steere, aliyekuja baadaye kuwa askofu, alifika Unguja mwaka 1864 akaokota maneno ya watu, na kitabu chake cha lugha kikapigwa chapa London mwaka 1870. Humo mikate ya mofa imo, na imeelezwa kuwa ni ya unga wa mtama. Mkate ulioandikwa kitabuni mwaka 1870 haukusubiri wakimbizi wa 1991 kuuleta.

Hapo Waunguja hufurahi, maana kitabu kiliandikwa kwao. Wasifurahi upesi. Mwandishi huandika alipokaa, na Unguja ya wakati ule ilikuwa mji wa Sultani uliokusanya watu wa pwani nzima: Wabajuni, Wabarawa, Wangazija, Wamrima, na Waamu wengi. Mkate ulikuwa Unguja kwa kuwa walaji wake walikuwa Unguja. Swali ni nani alikuwa na nafaka.

Na hapa nataka kusema jambo ambalo Wamvita, watu wa Mombasa, hawapendi kulisikia. Msafiri Ibn Battuta alipita pwani hii mwaka 1331. Alipotaja Mombasa alisema kuwa ni kisiwa kikubwa, safari ya siku mbili kutoka nchi ya Sawahil. Kwamba watu wake hawalimi nafaka bali huletewa kutoka Sawahil hiyo. Na kwamba chakula chao zaidi ni ndizi na samaki. Akawasifu kwa dini na kwa misikiti yao ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Sasa hiyo Sawahil iliyowalisha ni ipi? Wamvita husema ni bara ya nyuma yao. Wengine husema ni kusini. Wazee wetu wa Amu wameshika kuwa ni huku kwetu, na mimi nimeshika walichoshika, kwa kuwa mgeni yule alitoka kaskazini, na nchi aliyoiacha nyuma ndiyo aliyopimia masafa. Jawabu la Wamvita nalifahamu pia, na ni la haki kulitaja: Ibn Battuta alilala kwao usiku mmoja tu. Mtu wa usiku mmoja hula anachowekewa, akaondoka bila kujua kilichomo ghalani. Mjadala huu umechukua jioni nyingi barazani na mabirika ya kahawa yamemalizika juu yake.

Na kwa kuwa nimemtaja, nisipite bila kueleza ajabu alizoziona Mogadishu kabla ya kuja huku. Alisema mtu mmoja wa mji ule hula chakula cha kundi zima, na miili yao ni minene kabisa. Aliwekewa wali uliopikwa kwa samli, juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Na maziwa ya mgando pamoja na achari ya ndimu, pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Achari hiyo mpaka leo iko kwenye sahani zetu. Ndizi mbichi za maziwa ndizo zimekuwa nadra; wako wanaozipika, lakini kwa nazi.

Narudi kwenye mofa.

Zama zake kubwa zilikuwa karne ya 19. Waamu walikuwa na makonde ng'ambo ya maji, Hindi na Mkunumbi, wakilima mtama na ufuta. Malindi ilipofufuliwa katika zama za Sultani Sayyid Majid, Malindi na Mambrui zikatoa mtama mwingi hata majahazi ya Waarabu yakawa yanakuja kuupakia kwenda Hadhramaut na pwani zake. Fahari ya zama hizo nisiiandike nusu. Mtama ule ulilimwa na watumwa. Walioupura na kuutwanga hawakuwa wenye makonde, na wengi waliouoka mofa majumbani pia walikuwa ni hao. Utumwa ulipoondolewa kwa sheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, mashamba makubwa yakapoteza mikono, na mtama wa kupakiwa majahazini ukaisha. Ukabaki mtama wa mkulima mdogo, Mbajuni na Mwamu aliyelima mwenyewe, na ndio waliotuokea bibi zetu.

Sasa nieleze unavyookwa, maana wengi wamekula na wachache wameona. Bibi yangu mzaa mama alipima mtama kwa kibaba, akaupepeta kwa uteo mpaka wishwa ikaisha, akautwanga, kisha akausaga juu ya jiwe. Unga ule hauvutiki. Ukiukanda kama ngano utapoteza wakati wako bure. Aliumwagia maji ya moto kidogo ushikane, akatia chachu, donge dogo lililobaki la juzi, akafunika akauacha ulale. Asubuhi ulikuwa umeumuka kidogo na una harufu ya ukali. Tanuri lilikuwa darini jikoni: chungu kikubwa kilichozungushiwa udongo na mawe, mdomo juu. Alilitia kuni za mikoko zikawaka mpaka udongo wa ndani, uliokuwa mweusi kwa moshi, ukageuka mweupe. Hiyo ndiyo dalili, na hakuwa na saa wala kipimo kingine. Hapo makaa yaliachwa chini, akachovya mkono majini, akalipiga donge katika kiganja likawa duara nene kidogo kuliko chapati, akaingiza mkono mzima tanurini na kulibandika ukutani. Kubandika ni kwa pigo moja. Ukisitasita unga unateleza unaangukia makaa, na hilo kwake lilikuwa kosa la mtu asiyefunzwa. Akiisha kuuzungusha ukuta wote alifunika mdomo. Mkate ulitoka na nyuso mbili: wa ukutani mgumu, umeungua madoa, wa ndani laini na umepasukapasuka kidogo. Nilipomwambia anipe wa kwanza alinijibu, "Mjukuu wangu, wa kwanza ni wa kupimia tanuri, ngojea wa pili."

Ulaji wake ni wa moto. Ukipoa huwa mgumu, na ndiyo sababu wasioujua huudharau: wamepewa wa jana. Huvunjwa kwa mkono, haukatwi kwa kisu, ukachovywa katika mchuzi wa papa au samaki wa kupaka, na watoto walipakiwa samli na asali. Ulishiba nao tangu alfajiri mpaka baada ya adhuhuri, na mabaharia waliupenda kwa hilo.

Vyakula vingine vya wakati wake navitaja kwa ufupi. Bada ni ugali wa muhogo, ni chakula cha watu, lakini muhogo ni mgeni. Mseto ni nafaka na chooko katika chungu kimoja. Ladu ni viduara vitamu vya unga au ufuta vyenye pilipili manga, vilikuwa vya sikukuu. Bokoboko ndiyo yenye zogo: Waunguja husema imeingia na watu wa Sultani kutoka Omani, Waamu husema Hadhramaut ilishaileta zamani. Asili yake ni harisa, ngano na nyama iliyopigwa kwa mwiko mpaka ikavutika, nayo imo katika vitabu vya upishi vya Baghdad, kile cha al-Warraq cha karne ya 10 na kile cha al-Baghdadi cha mwaka 1226. Kwa hiyo wote wawili wamepokea. Leo imetoka majumbani imekwenda harusini, maana inataka mtu wa kukesha nayo.

Kushuka kwa mofa kulikuwa kwa hatua. Mwaka 1908 mlowezi Lord Delamere alianzisha Unga Limited, na unga mweupe wa ngano wa Kenya ukaanza kupatikana kwa wepesi. Chapati haihitaji tanuri, inahitaji kikaango tu. Mahindi yakaupiga mtama kondeni. Suke la mtama liko wazi na kweleakwelea hulimaliza, wakati hindi limefunikwa maganda. Mwenye kulinda ndege tangu alfajiri mpaka magharibi hakuwa na haja ya kushawishiwa. Vita vikuu vya pili viliurudisha kidogo: Rangoon ilipoanguka mwezi wa Machi 1942, mchele wa Burma ulikatika, na nyumba zilizokuwa zimeshajizoesha wali zikashusha tena mawe ya kusagia. Wazee husema mwaka ule tanuri za mitaa ya Mkomani na Langoni ziliwaka kila asubuhi. Vita vilipokwisha, mchele ukarudi na mawe yakapanda juu.

Pigo kubwa lilikuwa vita vya Shifta, kuanzia 1963 hadi 1967. Wabajuni na Waamu waliokuwa wakilima bara waliyakimbia makonde na vijiji vyao, na wengi hawakurudi. Watu wakija kueleza kuwa mofa umekufa kwa sababu wanawake wa siku hizi ni wavivu, mimi hukasirika. Wanawake hawakuacha kuoka kwa uvivu. Walinyimwa mtama. Ilipokuja gesi, na nyumba za zamani zikawa zinatengenezwa upya, tanuri ndilo lilikuwa la kwanza kuvunjwa, kwa kuwa halikuwa na kazi tena.

Mwaka 2001 UNESCO iliuandika Mji wa Kale wa Amu katika urithi wa dunia. Majumba, milango na vichochoro vilitazamwa. Mwaka 2023 Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa mwaka wa mtama, mawele, wimbi na jamaa zao, na mtama ukasifiwa kwa kuvumilia ukame. Sifa hizo ni za kweli. Lakini mtama unaolimwa leo Kitui na Tharaka hununuliwa kwa wingi na viwanda vya bia, na mwanamke wa Amu anayetaka kibaba cha kuokea Ramadhani huuchukua kwa bei aliyowekewa na wengine. Kwa sababu hiyo wako wanaochanganya nusu mtama nusu ngano, wakaukaanga kikaangoni na kuuita mofa. Sioni haya kuula, lakini si mofa, na aliyeupika auite kwa jina lingine.

Hukumu yangu nimeshaitoa. Mbarawa ni ndugu katika mkate huu, Muunguja ni mlaji wake wa siku nyingi, na Mwamu ndiye aliyekuwa na konde, na kuni za mikoko, na tanuri darini. Iliyobaki ni orodha ya nyumba. Nimeanza kuziandika zilizokuwa na tanuri Mkomani, Langoni na Shela, mtaa kwa mtaa, pamoja na jina la mwanamke wa mwisho aliyeoka. Pate, Siyu na Faza bado. Aliye na jina la bibi yake aniletee, na aniambie pia ni mwaka gani tanuri lilivunjwa.