Kivuko na Daraja la Busisi katika Kutafuta Istilahi: Historia Fupi ya Upangaji wa Ratiba katika Maunzi ya Kompyuta

Msafiri aliyetoka Mwanza kwenda Sengerema kwa njia ya Busisi kabla ya mwaka 2025 hakuwa na budi kusimama Kigongo, akingoja kivuko kimvushe Ghuba ya Mwanza. Kivuko kikishang'oa nanga, waliobaki gatini walisubiri kifike Busisi, kishushe, kipakie na kurudi. Tarehe 19 Juni 2025 Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lilifunguliwa rasmi. Tangu hapo gari huingia darajani hali yaliyotangulia hayajatoka. Tofauti hii, aijuayo kila mkazi wa Busisi, ndiyo itakayotuongoza katika kutafuta istilahi ya dhana moja ngumu ya uhandisi wa kompyuta.

Kompyuta za awali zilikokotoa kwa desturi ya kivuko: kiungo cha kukokotoa kilimaliza kazi moja ndipo kikapokea nyingine. IBM 7030 ya mwaka 1961 ilikuwa miongoni mwa mashine za kwanza kupishanisha hatua za utekelezaji wa amri. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Miaka miwili baadaye ikatoka CRAY-1 huko Marekani. Kiungo chake cha kuzidisha kilihitaji mapigo 7 ya saa ya mashine ili kutoa jibu, lakini kiliweza kupokea jozi mpya ya namba kila pigo. Tukiacha muda wa maandalizi, hesabu 10 zisizotegemeana, ambazo kwa desturi ya kivuko zingechukua mapigo 70, humalizika kwa 16: mapigo 7 kwa hesabu ya kwanza, na pigo moja kwa kila moja ya 9 zinazofuata.

Viungo hivyo vilizua swali la ratiba. Mwaka 1971 Edward Davidson alieleza jinsi ya kutumia jedwali kuonyesha ni hatua ipi ya kiungo inayoshikwa katika pigo lipi, ili kazi mbili zisigongane. Mwaka 1981 B. R. Rau na C. D. Glaeser walionyesha namna ya kupanga hesabu zinazojirudia ili duru mpya ianze kabla ya ile ya nyuma kwisha. Kisha zikaja programu zinazogeuza maelezo ya hesabu kuwa mchoro wa maunzi, kazi tunayopendekeza iitwe usanisi wa maunzi wa ngazi ya juu. Miongoni mwao ni Sehwa ya Nohbyung Park na Alice Parker, iliyochapishwa mwaka 1988. Programu ya aina hii huamua kila hesabu ianze pigo lipi na katika kiungo kipi. Viungo vikiwa vingi, maunzi hupanuka na gharama hupanda; vikiwa vichache, hesabu hungojana.

Hapa ndipo istilahi mbaya inapoweza kumpoteza mwanafunzi. Akiambiwa kwamba kiungo “kimeharakishwa”, atadhani kila jibu hutoka mapema zaidi. La hasha! Ikiwa kila hesabu inahitaji jibu la ile iliyoitangulia, hesabu 10 zitachukua mapigo 70 yale yale. Daraja halimfai anayengoja mzigo ulio katika gari la mbele.

Neno bomba, kwa hiyo, halitoshi: huonyesha mtiririko na kuficha hatua. Mkondo limekwisha kushikwa na umeme, na katika maunzi maana hizo mbili zingegongana. Foleni ni ya wanaosubiri, si ya wanaohudumiwa. Tunapendekeza kiungo cha uingizaji mfululizo. Kadhalika, tunapendekeza muda wa upitaji kwa mapigo tangu kuingia hadi kutoka, na kipindi cha uingizaji kwa mapigo yanayotenganisha kazi mbili zinazoingia. Katika CRAY-1 muda wa upitaji wa kuzidisha ulikuwa 7, na kipindi cha uingizaji 1.

Istilahi hizi ni ndefu kuliko bomba, nasi twakiri hivyo. Hata hivyo, mwanafunzi wa Busisi atakayezisoma ataelewa kilichobadilika mbele ya macho yake, na kisichobadilika.