Sainasi za Fuvu: Shahidi wa Utambulisho Kuliko wa Jinsi

Fuvu linapookotwa bila mifupa mingine, wapelelezi hutaka kwanza kujua jinsi ya marehemu, kwa kuwa jibu hilo hupunguza orodha ya waliopotea kwa takriban nusu. Nyonga ingejibu kwa uhakika zaidi, lakini mara nyingi imeungua au haikupatikana. Ndiyo maana watafiti wamegeukia sainasi za taya la juu, mapango ya hewa yaliyo kando ya pua, ambayo aghalabu husalimika hata fuvu likivunjika na hupimika vizuri katika picha za CT. Ninashikilia kwamba vipimo hivyo visitumiwe peke yake kumfuta mtu kwenye orodha. Mwaka 2007 Teke na wenzake, nchini Uturuki, walipima sainasi za watu wazima 127 na kupata usahihi wa takriban 69%. Kubahatisha kwa sarafu kungetoa 50%. Basi karibu mafuvu 3 kati ya 10 yangewekwa upande usio wake, na kila kosa la namna hiyo huiondoa familia husika kwenye uchunguzi kabla haijaulizwa lolote.

Sababu imo mwilini. Sainasi za wanaume ni kubwa kwa wastani kwa kuwa miili yao ni mikubwa kwa wastani. Tunachopima hasa ni ukubwa, na wanawake wenye maumbo makubwa hukutana katikati na wanaume wadogo. Magego yakishang'oka, sakafu ya sainasi huweza kushuka. Kwa mtoto, pango lenyewe halijakomaa. Tena, mpaka uliowekwa kwa Waturuki hauwezi kuhukumu fuvu lililofukuliwa Mtwara kabla ya kujaribiwa kwa watu wa huko.

Wapo watakaosema kwamba kompyuta na vipimo vya ujazo vitaondoa tatizo. Vitapunguza makosa ya mpimaji, naam, lakini mwingiliano wa maumbo hautokani na rula. Hoja nzito zaidi ni kwamba, panapokosekana mfupa mwingine, kidogo ni bora kuliko kukosa. Nakubali, mradi ripoti itaje uwezekano kwa tarakimu na iwe na ujasiri wa kuandika "haikubainika".

Tofauti hizohizo zinazovuruga kipimo cha jinsi ndizo nguvu ya sainasi katika kazi nyingine. Umbo la sainasi ya paji la uso hutofautiana mno kati ya mtu na mtu, na tangu mwaka 1927 Culbert na Law walionyesha kwamba kulinganisha eksirei za kabla na baada ya kifo kunaweza kumtambua marehemu. Mpelelezi anayeulizia hospitalini kama aliyepotea aliwahi kupigwa picha ya kichwa, kwa ajali au kwa mafua sugu, anatafuta ushahidi wenye uzito kuliko wastani wowote wa milimita.