Kisia, Kadiria, Tabiri

Mwalimu wa darasa la sita anayefundisha umeme anaweza leo kuwapa wanafunzi wake saketi isiyompiga mtu shoti wala kumaliza betri. Wanaburuta betri, waya na balbu kwenye kioo cha kompyuta, wanaviunganisha, na balbu inawaka. Wakizidisha volti kupita kiasi, moto wa kuchora unalipuka kwenye betri. Pembeni kuna vitu vya kujaribu kama vinapitisha umeme: sarafu, kifutio, penseli, mkono wa mtu, hata mbwa. Saketi hii ni kazi ya mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani. Mradi ulianzishwa mwaka 2002 na mwanafizikia Carl Wieman, mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya fizikia ya 2001, aliyetoa sehemu ya fedha za tuzo yake kuuanzisha. Hautozi mtu chochote. Una kazi za fizikia, kemia, biolojia na hisabati, zilizotafsiriwa na watu wa kujitolea katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo, na nyingi kati ya hizo hupakuliwa mara moja zikatumika baadaye hata pasipo intaneti. Kwa shule yenye kompyuta moja na bando la kuungaunga, sifa hiyo ya mwisho ndiyo ya kwanza.

Mimi hapa nashughulika na maneno ya Kiswahili ya somo la namna hiyo. Watu wanaosema Kiswahili hakina istilahi za sayansi huwa wanafikiria nomino, na kwa nomino hawana haki ya kulalamika. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Katika kazi za aina hiyo na vitabu vilivyofuata tumepata tungamo, ili uzito ubaki na maana yake; tumepata mchapuko, msuguano, ukinzani na kikinza. Usanisinuru huchekwa na watu ambao hawajalifungua: sanisi ni kuunda kitu kwa kuunganisha vingine, na nuru ni nuru. Mtoto aliyefunguliwa neno hilo ameshapata nusu ya somo.

Lakini somo la kwenye kioo linaendeshwa na vitenzi. Mtoto haulizwi ukinzani ni nini. Anaambiwa afanye jambo, aone, kisha aseme. Na vitenzi ndivyo tulivyoviacha bila kuvipanga, kwa kudhani kwamba kila mtu anavijua.

Vya mkono vimekaa vizuri. Miaka ile ya kutafsiri programu za kompyuta, hasa mradi wa Kilinux uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ilitusaidia kuzoea kubofya, kupakua na kuburuta. Bofya nalipenda kupita yote, kwa kuwa aliyewahi kubonyeza embe kwa kidole kuona kama limeiva anajua kwamba kubofya ni kuuliza. Hapo sina la kuongeza.

Kitenzi cha kifaa chenyewe kina utata zaidi. Ile saketi ya kioo inafanya nini? Wapo wanaovutwa na sauti ya neno la kigeni wakaiita simulizi. Nawasihi waache. Simulizi husimuliwa, na msikilizaji hana uwezo wa kuibadili njiani, ilhali hapa mwanafunzi akichomoa waya mmoja mambo yote yanageuka. Wengine husema igizo. Kuigiza ni kuiga mbele ya watazamaji, na darasa hili halitakiwi kuwa na watazamaji. Mimi nachagua kitenzi kifupi, kuiga, na nomino yake mwigo. Chombo kinachoiga kinakiri tangu jina lake kwamba si kitu chenyewe, na ukiri huo ni sehemu ya sayansi. Ndani ya waya za PhET elektroni zinaonekana kama vijitufe vya buluu vikienda mbio. Hakuna aliyewahi kuviona hivyo. Katika waya za shaba za nyumbani elektroni kwa wastani husogea polepole mno, chini ya milimita moja kwa sekunde, ingawa taa huwaka papo hapo kwa sababu zote huanza kusukumwa karibu kwa wakati mmoja. Mwalimu aliyeandika neno mwigo ubaoni ana swali tayari mkononi: mwigo huu unaiga nini, na unaacha nini? Neno simulesheni haliwezi kumzalia swali hilo.

Sasa nifike ninapotaka kukaa. Kabla mtoto hajaunganisha balbu ya pili kwenye mstari ule ule na ya kwanza, mwalimu mzuri humzuia mkono. Anataka aseme kwanza: mwanga utaongezeka, utapungua au utabaki vile vile? Sehemu kubwa ya faida ya mwigo iko katika dakika hiyo. Asiyesema kitu kabla ya kubofya ataona balbu zote mbili zinafifia, atafurahi, atasahau. Aliyesema zitang'aa atashtuka, na atataka kujua kwa nini. Je, tunamwambia afanye nini? Walimu wengi husema "kisia". Wengine husema "bashiri", wengine "tabiri", na mara nyingine "kadiria", kana kwamba yote ni neno moja.

Kukisia hakudai sababu. Mtu anakisia idadi ya punje za mahindi kwenye chupa ya maonyesho na hakuna anayemuuliza amefikaje. Kukadiria kuna kiasi ndani yake, kwa kuwa kadiri yenyewe ni kiasi. Anayekadiria ameshika kipimo fulani, hata kama ni urefu wa kidole chake. Mwambie mtoto akadirie mkondo wa umeme utafika ampea ngapi, usimwambie akadirie kama balbu itawaka. Kuwaka au kutowaka ni jambo litakalotokea, si kiasi, na kwa jambo litakalotokea tunabaki na kubashiri na kutabiri.

Bashiri lilikuwa neno zuri, ndugu wa bishara, la habari njema. Lakini mtoto wa leo analisikia zaidi kwenye matangazo ya kamari za mpira, ambako kubashiri ni kuweka fedha na kungoja bahati. Sitaki liingie maabara likiwa na harufu hiyo. Tabiri nalo lina historia ya waganga na wapiga ramli, lakini limesafishwa na taarifa za hali ya hewa: kila jioni mtu anatabiri mvua kwa kutumia vipimo, na kesho yake nchi nzima inatoka nje kumsahihisha. Kutabiri kwa namna hiyo kuna sababu nyuma yake na ukaguzi mbele yake, na ndicho kitu ninachotaka mtoto afanye na balbu yake. Kwa hiyo kisia libaki la michezo, kadiria la viasi, tabiri la matukio. Mwalimu akizingatia tofauti hizo tatu kwa muhula mmoja, wanafunzi wake watakuwa wamejifunza mbinu ya sayansi bila kukaririshwa hatua zake.

(Juu ya utabiri kuna nadharia tete, istilahi ninayoiheshimu sana. Tete husemwa nafaka ambayo bado haijakomaa. Nadharia ya namna hiyo inaonekana shambani tayari, lakini huwezi kuivuna.)

Kwa vitenzi vya kutazama, darasa bora kabisa ninalolijua liko Serengeti. Ali Swanson, wakati huo mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Minnesota, alianza mwaka 2010 kutega kamera kwenye miti na nguzo katika hifadhi hiyo. Zilifika 225, zimetandazwa kwenye kilomita za mraba 1,125, moja kwa kila kilomita tano za mraba. Joto na mwendo vikipita mbele yake, kamera hupiga picha yenyewe. Desemba 2012 picha zikawekwa kwenye jukwaa la Zooniverse kwa jina la Snapshot Serengeti, yeyote duniani asaidie kusema kuna nini pichani. Katika miaka ya mwanzo walijiandikisha zaidi ya watu 28,000. Seti za picha zilikuwa kama milioni 1.2, na zenye wanyama zilikuwa takribani 322,000 tu. Nyingi zilizobaki ni nyasi zilizochezeshwa na upepo kwenye jua kali. Kila seti ilitazamwa na watu kadhaa, majibu yakaunganishwa, na yalipolinganishwa na ya wataalamu yalikubaliana kwa karibu asilimia 97 katika kutaja spishi.

Huo ni mradi ambao mtoto wa Mugumu au Musoma anaweza kuufanya vizuri kuliko mtoto wa Minneapolis, kama lugha itamruhusu. Kwanza atatambua: hilo ni kukijua tena kitu ulichokwisha kukijua, na kwa tembo au twiga linatosha. Kisha kunakuja kupambanua, kitenzi tunachokitumia kidogo mno shuleni. Kongoni na nyamera wote wana nyuso ndefu za huzuni, lakini nyamera ana mabaka meusi mapajani. Swala tomi ana mstari mweusi ubavuni, na weupe wa matako yake hauvuki mkia. Wa swala granti unavuka kwenda juu. Atakayesema "swala" akaishia hapo ametambua, hajapambanua. Kuainisha ni hatua ya tatu, ya kumpeleka kila mmoja kwenye aina yake. Kwenye mazungumzo vitenzi hivi vinaachiana nafasi bila madhara. Darasani kila kimoja kinastahili zoezi lake.

Baada ya jina, mradi huuliza wanyama ni wangapi na wanafanya nini: wamepumzika, wamesimama, wanakwenda, wanakula, au lile la tano ambalo kwa Kiswahili wengi wangeliandika "wanashirikiana". Hapana. Madume mawili yaliyoshikana pembe hayashirikiani. Lugha yetu imeshalipatia kundi hili alama, nayo ni kiambishi -ana: wanapigana, wananusana, wanalambana, wanafukuzana. Ningeandika "wanatendana", kisha ningemwacha mtoto ataje ni kutendana kupi. Hapo sarufi na elimu ya tabia za wanyama zinafundishwa kwa kipindi kimoja, na sioni ni lugha ngapi zinazoweza kumpa mwalimu urahisi huo.

Swali la mwisho la mradi huo ni kama kuna watoto pichani, na hapo majina yetu yanahitaji kazi. Wanyama adimu ndio waliokosewa zaidi na wale wa kujitolea, na miongoni mwao yumo mnyama wa usiku mwenye michirizi na shingo ya manyoya, jamaa wa fisi, anayelamba mchwa kwa ulimi wenye kunata badala ya kuvunja mifupa. Vitabu kadhaa humwita fisi mdogo. Mwanafunzi atakayeandika "fisi mdogo" atakuwa amesema nini: ameona spishi hiyo, au ameona mtoto wa fisi madoa? Anayesahihisha hatajua, na takwimu itaharibika kwa sababu ya kivumishi. Napendekeza tumwite fisimchwa, kwa chakula chake, na kabla ya kulipeleka kokote neno hili liulizwe kwa askari wa wanyamapori na wafugaji wa pembezoni mwa hifadhi, ambao huenda wana jina zuri zaidi.