Jamaa wa Ng'ambo na Siri za Washington

Mwezi Oktoba 2008, Mike McConnell, Mkurugenzi wa Ujasusi wa Taifa nchini Marekani wakati huo, alibadilisha kanuni inayoamua nani aruhusiwe kugusa taarifa nyeti kuliko zote za serikali yake. Kanuni ya awali, ya Julai 1998, ilimtaka mwombaji awe raia, tena si yeye peke yake: mke au mume, wazazi, ndugu na watoto wake nao wawe raia wa Marekani. Aliyehitajiwa sana aliweza kupitishwa mlango wa uani, lakini mlango huo ulikuwa mwembamba. Kanuni mpya, nambari 704, haikuwadai tena jamaa uraia. Iliuliza jambo jingine: je, yuko anayeweza kuwatesa au kuwatisha ili ndugu yao atoe siri?

Ni aya fupi, na ilichelewa miaka sitini.

Upekuzi wa watumishi kama tunavyoujua leo ulianza Machi 1947, Rais Harry Truman alipoamuru uaminifu wa wafanyakazi wa serikali uchunguzwe. Hofu ilikuwa Ukomunisti. Aprili 1953 Dwight Eisenhower alitoa amri nambari 10450, akaongeza mwenendo wa mtu: ulevi, dawa za kulevya, na kile kilichoitwa upotofu wa kijinsia. Hoja ilikuwa kwamba mwenye jambo la kuficha hutishwa kirahisi. Haikuwashughulisha wakubwa kwamba ni amri hiyo hiyo iliyomlazimisha alifiche. Frank Kameny, mwanaastronomia mwenye shahada ya uzamivu ya Harvard, alifukuzwa katika idara ya ramani ya jeshi mwaka 1957 kwa sababu ya kupenda wanaume. Alipeleka kesi mpaka Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 1961 ilikataa kuisikiliza. Serikali ilimwomba radhi mwaka 2009, naye akiwa mzee wa miaka 84.

Lakini kesi inayoonyesha vizuri jinsi wapekuzi walivyouangalia ukoo ni ya J. Robert Oppenheimer, aliyeongoza utengenezaji wa bomu la atomiki. Mwaka 1954 aliwekwa kitako kwa wiki kadhaa, akahojiwa juu ya mkewe Kitty, mdogo wake Frank na mchumba wake wa zamani, Jean Tatlock, ambao wote waliwahi kuwa Wakomunisti. Hapakuonyeshwa siri hata moja aliyoiuza. Tarehe 29 Juni Tume ya Nishati ya Atomiki ilimnyima kibali cha kuziona siri kwa kura 4 dhidi ya 1, ilhali mkataba wake ulikuwa unakwisha kesho yake. Uamuzi huo ulifutwa Desemba 2022, miaka 55 baada ya kifo chake.

Sasa tuwatazame waliouza siri kweli. Robert Hanssen wa FBI alizaliwa Chicago, baba yake akiwa polisi wa mji huo huo. Aliwauzia Warusi siri, kwa vipindi, tangu 1979 hadi alipokamatwa Februari 2001. Ana Montes, mchambuzi wa masuala ya Kuba katika idara ya ujasusi wa kijeshi, alikamatwa Septemba mwaka huo huo. Huyu hakutaka hata fedha. Aliitumikia Kuba kwa imani. Ndugu zake wawili walikuwa waajiriwa wa FBI, jamaa ambao mpekuzi yeyote angefurahi kuwaona kwenye fomu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Aldrich Ames wa CIA ndiye anayekera zaidi. Kuanzia 1985 alipokea zaidi ya dola milioni 2 kutoka Moscow. Alinunua nyumba ya dola 540,000 taslimu, akaendesha Jaguar kwenda kazini, na mara mbili akapita kipimo cha mashine ya uongo. Wenzake walipoushangaa utajiri huo, alisema unatoka kwa wakwe zake matajiri huko Kolombia. Maelezo hayo yalipokelewa. Shirika lililoogopa jamaa wa kigeni kuliko kitu kingine lilidanganywa miaka kwa kutajiwa jamaa wa kigeni!

Ames alikamatwa Februari 1994, na Agosti mwaka uliofuata Bill Clinton akatoa amri nambari 12968: baadhi ya watumishi wenye vibali watakiwe kufichua mali zao, na mwelekeo wa kimapenzi usiwe tena sababu ya kumnyima mtu kibali. Hapo fedha ikaingia na kosa la Kameny likatoka. Sharti la uraia wa jamaa lilibaki, likaandikwa tena Julai 1998. Agosti 7, wiki chache tu baadaye, mabomu yaliwaua watu 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam katika balozi za Marekani. Kisha likaja shambulio la Septemba 11, 2001, na Washington ikakiri kwamba haina watu wa kutosha wanaoelewa lugha za inaowachunguza.

Aliyeinyonya lugha ana mama aliyemnyonyesha, na mara nyingi mama huyo bado yuko alikozaliwa. Msomali wa Minneapolis mwenye mama Kismayu alikuwa na kile hasa kilichotafutwa, na mama huyo huyo ndiye aliyemfungia mlango. Kanuni ya 2008 ilimruhusu angalau asikilizwe. Haikumhakikishia kitu, kwani tangu 1988 Mahakama ya Juu imeshasema hakuna mwenye haki ya kupewa kibali.

Ili jamaa wapimwe, lazima kwanza waorodheshwe. Fomu ya upekuzi hudai majina yao, tarehe za kuzaliwa na mahali wanapoishi. Mwaka 2015 serikali ilitangaza kwamba wadukuzi, ambao maofisa wa Marekani waliwahusisha na China, wameiba kumbukumbu za watu milioni 21.5 kutoka ofisi ya utumishi iliyotunza mafaili hayo. Humo mlikuwa na waombaji, wenzi wao, na majina ya wazazi na ndugu walioko ng'ambo. Mwongozo ulioanza kutumika miaka miwili baadaye una vipengele 13 vya kumpima mwombaji, na cha pili bado kinahusu ushawishi wa kigeni.