Liemba: Meli ya Reli

Meli ya Liemba, inayojulikana katika Ziwa Tanganyika, ilianzia safari yake ya Afrika katika bandari ya Dar es Salaam. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikafunguliwa vipande vipande na kufungwa katika makasha yapatayo 5,000. Kutoka bandarini makasha yalipandishwa Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914. Huko mafundi waliiunganisha upya, ikashushwa majini Februari 1915.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimeshaanza, nayo ikafungwa mizinga. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isiangukie mikononi mwa adui, lakini kwanza waliipaka mitambo grisi nzito. Uangalifu huo ndio uliookoa meli: Waingereza walipoiibua mwaka 1924, injini na maboila vilikuwa bado vinafaa.

Mwaka 1927 ikaanza kazi tena, ikiitwa Liemba, chini ya Reli ya Tanganyika. Abiria wa Dar es Salaam alipanda treni stesheni ya mjini, akashuka Kigoma na kuendelea kwa meli hadi Mpulungu. Baadaye ilimilikiwa na Reli na Bandari za Afrika Mashariki, kisha, baada ya 1977, na Shirika la Reli Tanzania. Katika miaka ya 1970 mvuke uliondolewa, zikafungwa injini za dizeli.